Mchanga Chini ya Kitambaa

Mwezi wa saba tangu nilitoe gari langu bandarini, nilisimama nalo nje ya benki, jua la Februari likiwa utosini, nikaona kitu ambacho kivulini hakikuwahi kuonekana. Kwenye boneti nyeusi, kuizunguka taswira ya jua, kulikuwa na utando wa mistari myembamba, mamia kwa mamia, kama buibui aliyefuma usiku kucha. Nikasogea hatua moja kushoto, utando ukasogea pamoja nami. Nikaenda ubavuni, upo. Kwenye buti, upo. Nikapitisha kidole, nikakuta ni laini tu.

Gari hilo, Toyota Mark X, nililinunua kwa akiba ya miaka sita. Sikuwahi kuliegesha chini ya mnazi, sikuwahi kumwazima mtu, na kila Jumamosi lilioshwa bila kukosa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kuna mtu mwenye kijicho amelichuna. Nilikaa na wazo hilo siku tatu, nikiwapitia majirani mmoja mmoja moyoni, jambo ambalo hadi leo linaniuma.

Siku ya nne nikaenda mtaa wa Gerezani, hapa Dar es Salaam, kwa fundi rangi mmoja mzee ambaye kaka yangu humwamini. Nikamwamkia, akaitikia, akatoa simu mfukoni, akawasha tochi na kuisogeza taratibu juu ya boneti. Hakuuliza gari limechunwa lini. Aliuliza: "Mwanangu, nani anakuoshea?"

Nikamwambia ni kijana wa njia panda ya kwetu Goba, na nikaongeza haraka kwamba ni kijana makini kuliko wote ninaowajua. Na kweli ni makini. Anasugua mpaka pembe za taa. Nami nilikuwa na kawaida ya kusimama pembeni na kumwonyesha kwa kidole: mdogo wangu, hapa bado, ongeza nguvu kidogo. Fundi akazima tochi. "Sasa hiyo nguvu ndiyo hii unayoiona," akasema.

Kwanza alinionyesha jambo kuhusu yale maduara. Mikwaruzo yenyewe, alisema, imeenda kila upande: mingine imenyooka, mingine imekata kona, mingine imepita juu ya mingine. Ila mwanga unapotua, mistari inayong'aa ni ile tu iliyokaa kwa namna ya kuuzunguka mwanga, mingine inanyamaza. Ndiyo maana utando unakufuata unapotembea, na ndiyo maana ukiwa kivulini unaamini gari lako ni zima. Akasogeza tochi tena ili nione mwenyewe. Mistari iliyokuwa imelala ikaamka, iliyoamka ikalala.

Kisha akaleta kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, akakigusisha kwenye paa. Kikasoma 117. Boneti, 98. Mlango wa nyuma wa kulia, 412. Hapo alicheka kwa upole na kuniambia mlango ule ulishagongwa kabla sijaujua, na chini ya rangi yake kuna puti, ile dawa nzito ya kuzibia mabonde ya bati. Nilikuwa nimelipenda gari hilo miezi saba bila kujua kwamba lina kovu.

Namba hizo ni maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia pale ofisini, ile ya A4, ina unene wa takriban maikroni 100. Nililazimika kuliwaza hilo mara mbili. Rangi yote ya kiwandani juu ya bati la gari, kuanzia tabaka la chini kabisa la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, kisha ile klia isiyo na rangi inayokaa juu na kutoa mng'ao, yote kwa pamoja ni karatasi moja na kidogo. Klia peke yake, ambayo ndiyo tunayoigusa tunapoosha, ni kama theluthi ya unene huo. Unywele wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko klia.

Na klia haipo kwa urembo tu. Ndiyo inayopokea kipigo cha jua kabla hakijaifikia rangi. Ikipungua mno inaanza kufubaa, kisha inapasuka, kisha inababuka vipande vipande kama ngozi iliyoungua. Magari ya namna hiyo tunayaona kila siku barabarani, paa na boneti zikiwa na mabaka meupe yenye kingo zilizochanika. Ikifika hapo hakuna sabuni wala polishi itakayoirudisha, ni kupiga rangi upya.

Mimi ni mhasibu, na fundi alikuwa amelijua hilo, kwa hiyo alipoanza kueleza habari ya polishi alitumia lugha yangu. Mashine ya kung'arisha, alisema, haijazi mikwaruzo. Inaikata klia iliyo pembeni ya mkwaruzo mpaka ilingane na chini yake. Maana yake kila ukipiga polishi unatoa kwenye akiba, na akaunti hiyo haipokei amana. Boneti yangu ilikuwa imeshatolewa sana kabla ya kufika kwangu, pengine iling'arishwa ili ipendeze machoni mwa mnunuzi. Alikubali kuipiga mara moja tu, kwa sponji laini na dawa nyepesi, akaondoa mikwaruzo ya juujuu na kuiacha ile iliyozama. Kifaa kikasoma 96. "Hii iliyobaki, ishi nayo," akasema.

Kabla sijaondoka alinionyesha kile kibati kidogo cha kiwandani chenye maandishi, akaweka ukucha kwenye herufi C/TR. Mbele yake palikuwa na namba ya rangi, 202. Hiyo ndiyo nyeusi tupu ya Toyota, isiyo na chembe za kumetameta ndani yake, na mafundi wanaijua kwa mambo mawili: ikiwa safi hakuna rangi nyeusi inayoishinda, na ni laini kiasi kwamba hata kitambaa kibaya kinaacha alama. Wenye nyeupe ya 040 wana habari nyingine. Ile ni rangi ya tabaka moja katika magari mengi, bila klia juu, na ndiyo maana ukiipiga polishi kitambaa kinageuka cheupe. Haionyeshi utando, lakini ikitelekezwa juani inatoa unga kama chaki. Basi ukitaka kujua gari lako linahitaji nini, anza kwa kusoma kile kibati.

Nikarudi Goba nikiwa na swali moja: kama kitambaa ni laini na sabuni ina povu, kinachokwaruza ni nini?

Jibu lipo barabarani kwetu. Kuanzia Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari, vumbi la njia zetu zisizo na lami linapanda kila gari linapopita, linatua kwenye majani ya migomba, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye boneti. Tunaliita vumbi, lakini ukilipekecha kati ya vidole utasikia chenga. Ule ni mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga ni kwazi, jiwe ambalo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye ngazi kumi, liko ngazi ya saba. Kioo cha dirisha kiko kati ya tano na sita. Kwa hiyo chembe ya mchanga inaweza kukwaruza kioo, na klia ni laini kuliko kioo kwa mbali sana. Anayeweka kitambaa chenye maji juu ya vumbi hilo na kuanza kuzungusha mkono amejitengenezea msasa, hata kama kitambaa chenyewe ni pamba.

Tangu siku hiyo sioni tena kuosha gari kama kazi ya kusugua. Ni kazi ya kuuondoa mchanga bila kuuburuta, na kila ninachofanya sasa nakipima kwa hilo tu.

Nilimwangalia upya yule kijana Jumamosi iliyofuata, kabla sijamwambia lolote. Ndoo moja. Kitambaa kimoja, kipande cha fulana nzee. Anaanza na tairi kwa sababu ndizo chafu zaidi, anachovya, anakamua, anapanda mlangoni, anachovya, anapanda kwenye paa. Kufikia gari la tatu maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwa wadudu walioganda mbele kwenye bampa alitumia dodoki. Nyumbani kwa bibi yangu Tanga madodoki yalitambaa kwenye ua wa nyuma, tukiyavuna yakishakauka, tunayamenya, tunakung'uta mbegu, na ni kitu bora kabisa kwa mgongo na kwa sufuria. Lakini nyuzi zake ni ngumu, na matundu yake yanashika mchanga usiotoka hata ukikamua mara kumi. Kwenye rangi ya gari dodoki halina kazi.

Basi niliamua kwa miezi mitatu nitaosha mwenyewe, nijifunze, ndipo niseme na mtu mwingine.

Ninaosha Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya ibada. Saa hiyo bati ni baridi. Ninaweka nyuma ya kiganja kwenye boneti, na kama ninahisi joto lolote siendelei. Gari jeusi lililokaa juani linaweza kupita nyuzi 60, na maji yakiangukia hapo yanakauka kabla hujayafuta, yanaacha sabuni na chumvi zikiwa zimegandia. Kivuli ninachotumia ni cha ukuta. Kivuli cha mwembe kinavutia, ila mwembe unadondosha utomvu, na wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani yake wanamwaga majimaji matamu yanayonata, ambayo baadaye yanashika vumbi na kugeuka meusi.

Rimu na tairi zinakwenda kwanza, kwa ndoo yake na brashi yake ambazo hazigusi kitu kingine. Ule unga wa kahawia kwenye rimu unatoka kwenye breki na una chembe za chuma. Ndoo ile nimeifunga kamba nyekundu kwenye mpini ili hata dada wa nyumbani asiichanganye.

Kisha maji, maji mengi, kutoka paa kushuka, na mkono wangu ukiwa mbali na rangi. Hapa ndipo watu wengi wanapokimbilia kitambaa na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Nimenunua bomba la kupulizia la kubebea mkononi, lile ambalo wakulima wa bustani hutumia kwa dawa, jipya kabisa lisilowahi kuguswa na dawa. Ndani yake ninaweka maji na shampuu ya magari kidogo, ninapuliza gari zima, ninaliacha dakika tano. Unaona kwa macho jinsi povu linavyoshuka likiwa limebeba wekundu, hadi linapodondoka chini limekuwa kama maji ya udongo. Ninasuuza tena. Mchanga mwingi unaondoka hapo, bila kuguswa.

Ndipo zinakuja ndoo mbili. Moja ina maji na shampuu, nyingine ina maji matupu ya kusuuzia. Badala ya kitambaa ninatumia glavu yenye vinyweleo virefu, maana chembe ikikutana nayo inazama katikati ya vinyweleo badala ya kubanwa kati ya kitambaa na rangi. Glavu inachovya kwenye sabuni, inafanya kipande kimoja, labda nusu ya paa, inarudi kwenye ndoo ya kusuuzia, ninaipekecha humo, ninaikamua, ndipo inarudi kwenye sabuni. Chini ya ndoo ya kusuuzia nimelaza chujio la plastiki lililopinduliwa, ili mchanga ukishazama glavu isiufikie tena. Kuna vifaa vinavyouzwa kwa kazi hiyo hiyo, ila chujio la sokoni limenifaa.

Mkono unakwenda mstari ulionyooka, kutoka mbele kwenda nyuma, na uzito wa glavu peke yake unatosha. Hakuna kukandamiza. Hakuna kuzungusha. Ninaanza paa, vioo, boneti, buti, sehemu za juu za milango. Sehemu za chini ya milango na bampa, ambako tairi zinarusha mchanga, ni za mwisho kabisa. Pahali pakikataa kutoka, ninalaza glavu yenye sabuni juu yake na kuhesabu hadi sitini.

Jumapili ya kwanza nilipomaliza, niliiacha ndoo ya kusuuzia itulie kwa saa moja. Nikamwaga maji pole pole, nikaipindua ile tope kwenye gazeti, nikaianika juani. Ilipokauka niliipima kwa kijiko cha chai. Ilijaza kijiko na kuzidi. Na hiyo ilikuwa baada ya kusuuza mara mbili kwa maji, baada ya povu, kwenye gari lililokuwa limeoshwa siku nane tu kabla. Kijiko kizima cha mchanga ambacho miezi yote ile kilikuwa kinazungushwa juu ya karatasi moja ya A4. Nilimwita mume wangu aje aone, na yeye, ambaye hadi hapo alikuwa akiniona nimeshikwa na jambo dogo kupita kiasi, aliinama akalitazama gazeti kwa muda mrefu.

Kuhusu sabuni niseme machache. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali upande wa alkali, imeundwa kutoa mafuta kwenye nguo, na kwenye gari itatoa nta yote unayoipaka. Zaidi ya hapo, chembe zake zisipoyeyuka vizuri zinakuwa mchanga mwingine. Sabuni ya maji ya vyombo ni afadhali, ila nayo inaondoa nta, kwa hiyo mimi ninaitumia siku ile tu ninayokusudia kupaka nta upya. Shampuu ya magari inauzwa kwenye maduka ya vipuri, na kifuniko kimoja kinatosha ndoo nzima. Chupa yangu ya kwanza ilimaliza miezi mitano.

Maji ndiyo yamenisumbua kuliko sabuni. Mtaani kwetu wengi tunategemea visima, na maji ya visima vya Dar es Salaam sehemu nyingi yana chumvi. Unaosha gari linapendeza, linakauka, na baada ya nusu saa limejaa madoa meupe ya mviringo, kila doa ni tone lililokauka na kuacha chokaa yake. Yakiachwa juani yanazama kwenye klia. Yakiwa mapya, siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu inayayeyusha, kisha unasuuza mara moja. Lakini ni heri yasitokee.

Mwaka 2022, mto Ruvu uliposhuka na mgao wa maji ukaanza mwezi wa Oktoba, mume wangu aliweka mabomba ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa hadi kwenye simtanki. Wakati ule ilikuwa kwa ajili ya choo na kufulia. Sasa nimetenga madumu mawili ya maji hayo kwa suuzo la mwisho la gari, kwa kuwa maji ya mvua karibu hayana chokaa na yakikauka hayaachi yale madoa meupe. Ninayamwaga polepole kwa kopo pana, bila kurusha, yanashuka kama shuka moja na kuyabeba matone yote. Kinachobaki ninakikausha kwa taulo nene la maikrofaiba, ninalilaza na kulibonyeza kidogo, silivuti.

Taulo hizo zina masharti yake. Ninakata zile lebo za pembeni, ambazo ni ngumu. Ninazifua peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba nyuzi zake, na ninazianika kivulini mbali na vumbi. Likianguka chini hata mara moja, hata kwenye sakafu inayoonekana safi, kwa siku hiyo limestaafu. Khanga iliyochakaa ina mahali pake pa heshima nyumbani kwangu, lakini mfumo wa nyuzi zake ni bapa, haina pa kuficha chembe, kwa hiyo kwenye rangi siipeleki.

Kunguru nao wanataka aya yao. Anayeishi Dar anawajua, wale wenye shingo ya kijivu. Si wenyeji wa hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula taka za mji, wakavuka bahari, wakatamalaki pwani nzima, na taka hazikuisha. Kinyesi chao kina asidi, na juani kinafanya hila mbili kwa pamoja: joto linailainisha klia, kinyesi kinakauka na kujibana juu yake, jioni klia inapopoa inajishika kwa umbo la kile kilicho juu. Ukikibandua unakuta alama kama muhuri. Kwenye buti yangu ninayo moja, ya mchana mmoja tu nilipokuwa kwenye kikao. Tangu hapo ninabeba ndani ya gari chupa ya maji na vitambaa viwili safi. Kitambaa kilicholoweshwa kinalazwa juu ya kinyesi dakika tano hadi kumi, kisha kinainuliwa nacho. Kukikwangua kikiwa kikavu ni kosa, kwa kuwa ndani ya kile kinyesi kuna mbegu na chenga.

Na kuna askari wa maegesho pale ofisini kwetu, mtu mwema sana, ambaye kwa miezi yote ile alikuwa akinifutia gari vumbi kwa kitambaa kikavu kila mchana bila kuomba shilingi. Nililijua hilo nikiwa tayari nimeshajua habari za mchanga. Kufuta vumbi kavu kwa kitambaa kikavu ni kubaya kuliko kuosha vibaya, maana hakuna hata tone la maji la kuitelezesha ile chembe. Nilikaa wiki nzima nikitafuta maneno. Mwisho nilimwambia, "Kaka, naomba vumbi la gari langu uliache, hata likichafuka namna gani. Nikiona vumbi najua halijaguswa." Alishangaa, nikampeleka juani nikamwonyesha utando. Akapitisha mkono kwenye nywele, akasema hakujua. Nami sikuwa nimejua, tulikuwa sawa.

Nta ninapaka kila baada ya miezi miwili, wakati mwingine mapema, kwani joto letu na jua letu zinaila haraka. Ninayotumia imechanganywa na karnauba, nta inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, na ninapenda kuwaza kwamba jani lile limejitengenezea nta hiyo kwa sababu ileile ninayoihitaji mimi, kujikinga na jua kali na ukame. Safu yake ni nyembamba mno na haizuii mkwaruzo wa kweli. Inachofanya ni kuufanya mchanga uteleze mapema, maji yakusanyike na kukimbia, na kinyesi kipate kizuizi cha kwanza. Lami mbichi, pale wanapotengeneza barabara, ninailowesha kwa mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, ninasubiri ilainike, kisha ninaosha mafuta yote kwa shampuu. Inachukua muda, lakini siisugui.

Baada ya miezi mitatu nilirudi kwa kijana wa njia panda. Nilienda na ndoo ya pili, chujio, glavu mbili na lile gazeti lenye mchanga mkavu nililokuwa nimelikunja na kulihifadhi. Sikutaka aone kama nimekuja kumlaumu. Yeye alifanya kazi aliyofundishwa na wenzake, na mimi nilisimama juu yake nikimwambia aongeze nguvu. Nilimfungulia gazeti kwenye benchi. "Dada, hii umeitoa wapi?" akauliza. Nikamwambia kwenye gari langu, baada ya kulisuuza. Akachukua chenga kidogo, akazisugua kwenye kioo cha simu yake ya zamani iliyopasuka, akainua kioo kwenye mwanga, akanyamaza.

Tulikubaliana kwamba gari langu ataliosha kwa namna ile mpya na nitamlipa zaidi, kwa kuwa linamchukua karibu mara mbili ya muda, na muda wake ndio riziki yake. Sikuona haki kumtaka abadilike kwa bei ileile. Mashine ya presha anayo ya kukodi, nayo tuliiwekea mpaka: mdomo wake usikaribie rangi kwa chini ya futi moja, na ule mlango wa nyuma wa kulia, wa maikroni 412, asiuelekezee kabisa ukingoni, kwa sababu rangi iliyopigwa juu ya puti ikipata upenyo wa maji yenye nguvu inainuka kama gamba.

Mwezi uliopita nilipita pale jioni nikitoka kazini. Alikuwa na Toyota IST nyeupe mbele yake na mwenye nayo amesimama pembeni, mikono kiunoni, anaonyesha kwa kidole sehemu ya mlango. Kijana aliweka glavu chini ya bomba, akaacha mlango ulivyo, akaenda kwenye ndoo ya pili. Akaingiza mkono hadi chini, akautoa ukiwa na tope jekundu kwenye ncha za vidole.

"Bosi," alimwambia, "sogea kidogo, shika hii."